Simu Tuliyomnunulia Mama Watoto



Mwezi wa Rajabu uliopita tuliingia katika duka moja la simu hapa Mombasa tukiwa na shilingi 10,000 mfukoni. Simu ya mama watoto ilikuwa imevunjika kioo, na kwa kuwa bintietu yuko Doha na mumewe, nyumba yetu ilikuwa haipati habari za wajukuu ila kwa kuazima simu za jirani. Muuzaji alikuwa kijana aliyewahi kukaa mbele yetu chuoni akisoma Juzuu Amma. Alitutolea kasha zuri lililoandikwa kwa tarakimu kubwa: RAM 4, ghala 64, betri 5,000. Tukalipa 9,800, tukapanda tuktuk, tukarudi nyumbani tukijiona tumetenda jambo.

Haki ya chombo hicho na isemwe kwanza. Betri ilikaa siku nzima na zaidi, hata siku umeme ulipokatika mtaani. Iliingia laini mbili, na sauti yake ilisikika hadi uani. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ambayo ndiyo yenye Tecno, itel na Infinix, ilipata soko kubwa Afrika kwa kuyatazama mambo kama haya: laini mbili, betri kubwa, na kamera inayoionyesha vizuri ngozi nyeusi. Nao Google tangu mwaka 2017 wana toleo jepesi la Android liitwalo Go, lililokusudiwa simu zenye kumbukumbu ndogo. Kwa hiyo aidharauye simu ya bei nafuu kwa unafuu wake tu hakuifanyia insafu. Mama watoto alimwona mjukuu akiota meno, na kwa siku kadhaa nyumbani hapakuzungumzwa jingine.

Kisha ikaingia Ramadhani. Usiku wa nne nyumba nzima ililala hadi adhana ya alfajiri ikatukuta hatujala daku. Programu ya adhana, ambayo ndiyo tuliyoitegemea ituamshe, ilikuwa kimya. Mpwa wetu, fundi wa simu, alitueleza kwamba simu nyingi za aina hii huzizima zenyewe programu zilizo nyuma ya pazia ili zihifadhi chaji na kumbukumbu. Basi ule ukaaji wa betri tuliousifu, sehemu ya gharama yake ilikuwa daku yetu. Aliingia penye mipangilio ya betri, akairuhusu programu ya adhana isizimwe, na hilo likapungua. Tunawanasihi akina mama mlifanye leo, msingoje Ramadhani nyingine.

Lakini lilibaki kubwa zaidi. Mama watoto husomesha darsa ya wanawake kila Alhamisi baada ya Alasiri. Huusoma mswada wake kwenye simu, huku akirekodi sauti kwa ajili ya wanaonyonyesha na wasioweza kutoka. Kila alipotoka kwenye mswada kwenda kwenye WhatsApp na kurudi, mswada ulianza tena ukurasa wa kwanza. Alhamisi moja rekodi ilikatika katikati ya mlango wa haki za mirathi, na wanawake kumi na watano wakakaa wakimtazama.

Mpwa wetu akaifungua simu, akacheka. RAM, alisema, ni kama meza ya jikoni: hapo ndipo unapokatia kitunguu na kukandia unga. Ghala ni stoo. Simu yetu ina meza ya gigabaiti 2 tu. Zile 2 nyingine ni rafu ya stoo iliyopewa jina la meza, na mpishi hulazimika kwenda na kurudi kwa kila kijiko, kwa sababu ghala ni zito kuliko RAM ya kweli.

Tulighadhibika. Tukakumbuka habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu, akamuuliza mwenyewe kwa nini kilicholowa hakukiweka juu watu wakakiona. Tukaenda dukani na kasha mkononi, tukiwa na hoja ya khiyari ya kurudisha bidhaa kwa aibu iliyofichwa.

Kijana alitupokea kwa adabu. "Sheikh," akasema, "geuza kasha." Pembeni, kwa herufi za kuhitaji miwani, palikuwa pameandikwa: 2+2. Hatukuwa na jawabu. Bado tunaona kwamba kuandika 4 kwa ukubwa wa kidole gumba na 2+2 kwa ukubwa wa chungu ni kukiweka kikavu juu na kilicholowa chini. Ila sisi tunaofundisha watu kusoma hatukuwa tumesoma.

Alitupa rai ya kubadilisha kwa simu bora, kwa kulipa kidogo kidogo kila siku. Wengi mtauliza hukumu yake. Wanavyuoni wengi wanajuzisha bei ya mkopo kuzidi ya taslimu, maadamu bei moja imekatwa kabla ya kuachana na haiongezeki kwa kuchelewa. Ulizeni basi jumla ya mwisho, si ya kila siku, na kama kuna faini. Ulizeni pia simu hufungwa baada ya siku ngapi bila malipo, kwa sababu anayepokea oda za mahamri kwa simu hiyo akifungiwa siku aliyougua, hana pa kupata cha kulipia. Sisi hatukuichukua.

Tulirudi nyumbani tukanuia kuiuza kwa hasara. Mama watoto alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Simu haina makosa, baba watoto. Mumenunua ya elfu kumi mukataka ifanye kazi ya elfu thalathini. Na ya elfu thalathini muko nayo nyinyi."

Kweli, yetu ilikuwa ya 32,000, nasi kazi yetu kubwa nayo ni kusoma magazeti na kujibu salamu. Tulipoingia dukani mwezi wa Rajabu halikutupitia kabisa wazo la kupima nani nyumbani mwetu anaihitaji zaidi.

Siku hizi simu yetu hulala sebuleni na adhana yake. Alhamisi alasiri huenda darsani, nasi hubaki barazani na ile ya 9,800, tukingoja ukurasa ufunguke.