Akihabara: Mtaa wa Vipuri na Michezo ya Zamani

Akihabara ni mtaa wa jiji la Tokyo, Japani, uliopata sifa kwa biashara ya vipuri vya redio baada ya Vita Kuu ya Pili. Vibanda vidogo karibu na reli vingali vikiuza waya na swichi, na jirani navyo yamo maduka ya michezo ya video ya zamani.

Humo huonekana Famicom, mashine iliyotolewa na Nintendo mwaka 1983. Vidhibiti vyake viwili vya mkononi viliungwa humo humo, hata mwenyewe asiweze kuvichomoa bila kuifungua mashine. Basi mashine ikifa, vidhibiti vizima hubaki yatima.

Mafundi wamepata dawa yake. Kitufe kikibonyezwa hukutanisha njia za umeme, na chipu hupeleka habari za vitufe katika waya, kimoja baada ya kingine. Fundi huunga saketi ndogo yenye betri, nayo huzisoma habari hizo na kuzirusha kwa mawimbi ya Bluetooth. Mashine mpya isipokitambua chombo hicho, huchomekewa adapta ya kuzifasiri.

Hata hivyo, liko la kuchagua. Akataye waya na kutoa chipu ya asili hupata chombo chepesi, lakini hakirudi tena kwa urahisi katika mashine yake. Aungaye saketi mwishoni mwa waya huvumilia waya unaoning'inia, ila hakuharibu kitu. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.