Njaa na Ugonjwa wa Betri

Katika mji wa Geita palikuwa na dereva mmoja, mwenye motokaa kuukuu ya kuchukulia abiria kwenda Katoro na Nyarugusu. Betri yake ilikuwa imetimiza miaka 4. Siku nyingine mashine iliwaka mara moja. Siku nyingine iliguna tu, kama mzee aliyeamshwa kabla ya jogoo. Kila ilipokataa, dereva aliipeleka betri ikachajiwa, akalipa, akaendelea na safari zake. Fedha za kununua mpya alikuwa nazo, walakini alikuwa ameziweka kwa sare na sanduku la binti yake, aliyekuwa akienda shule ya bweni.

Usiku mmoja aliitwa Nyarugusu kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Akazima mashine huku mama akitayarishwa. Alipogeuza ufunguo tena, motokaa ikanyamaza kimya. Basi mama yule akachukuliwa kwa pikipiki ya jirani, akishikiliwa nyuma, katika njia yenye mashimo. Alijifungua salama, lakini dereva hakupata usingizi.

Kulipokucha akaenda kwa fundi mzee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Shemeji yangu asema ninunue betri mpya, rafiki yangu asema hii yataka chaji tu. Nimsikilize nani?”

Fundi akajibu, “Wote wawili wamenena bila kupima. Mwenye njaa na mgonjwa, wote huinuka kwa taabu. Mwenye njaa hupona kwa chakula. Mgonjwa hata ukimlisha, ugonjwa u pale pale.”

Kwanza alisugua vichwa vya betri, maana kutu huzuia umeme. Akapima, akaona volti 11.9, nayo betri iliyoshiba huwa na 12.6 hivi. Wakaisukuma motokaa mpaka mashine ikawaka, akapima tena: volti 14. Kwa hiyo altaneta ilikuwa ikilisha vema. Ndipo akaichaji betri polepole usiku kucha, mahali penye hewa, mbali na moto, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Asubuhi akaiacha itulie saa kadhaa. Ndani ya betri ya namna hii, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, mna vyumba 6 vyenye bamba za risasi na maji ya tindikali. Umeme ukitumika, ukoko hushika bamba, chaji huuondoa. Lakini betri ikikaa siku nyingi na njaa, ukoko hugeuka mgumu, wala chaji haiwezi kuung'oa tena. Joto nalo huizeesha betri upesi.

Fundi akafungua vifuniko, akavuta maji ya kila chumba kwa bomba la kioo lenye kielea. Vyumba 5 vikaonyesha 1.26, cha sita kikaonyesha 1.13. Akairudisha betri garini, akamwambia dereva ageuze ufunguo. Volti zikashuka kutoka 12.4 mpaka 8.

“Imekula usiku mzima,” fundi akasema, “na chumba kimoja hakikushiba. Hii ni mgonjwa. Vyumba vyote 6 vingalipanda sawasawa, ningalikuambia urudi nyumbani na fedha zako.”

Dereva akainamisha kichwa, akifikiri sanduku la binti yake. Kisha akamkumbuka yule mama juu ya pikipiki. Akanunua betri mpya, na kwa majuma mengi akafanya safari za alfajiri mpaka akarudisha zile fedha. Ile ya zamani hakuitupa shimoni, maana risasi ni sumu kama zebaki ya wachenjuaji dhahabu. Aliirudisha kwa muuzaji ili risasi yake iyeyushwe na kutumiwa tena.

Watu wa Geita hawanunui dhahabu kwa kung'aa kwake, bali huipima kwanza. Dereva naye alikuwa akiipima betri yake kwa matumaini, na matumaini si mizani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.