Picha za nyumba ya Bi Mkubwa, Mnazi Mmoja

Wengi mnatujua kwa madera na mashungi, kwa hiyo mtatusamehe leo hatuna habari ya mishono. Kuna jambo limetukaa rohoni tangu safari yetu ya mwisho ya Dar es Salaam, na kila tukikaa kwenye cherehani tunalirudia, basi tumeona bora tulitoe.

Sisi ni wawili, dada na mdogo wake. Kila baada ya miezi miwili mitatu tunapanda boti kufuata mzigo Kariakoo: majora, bitana, lesi, zipu, nyuzi. Gesti hatulali. Tunafikia kwa Bi Mkubwa mmoja, si ndugu yetu wa damu, lakini marehemu mama yetu alikuwa akifikia kwake enzi zake za kuuza kanga, nasi tukaurithi ule mlango. Nyumba yake iko hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, ukishavuka Mtaa wa Lumumba kuingia Kariakoo.

Anayetoka Unguja akifika pale hawi mgeni sana, maana majina ni yetu. Sisi tuna Mnazi Mmoja yenye viwanja na hospitali, na wao wana yao yenye viwanja na hospitali. Wao wana Kariakoo ya soko, sisi tuna Kariakoo ya bembea za sikukuu. Zamani tulidhani ni majina tu yamegongana. Lakini kwetu, Mnazi Mmoja ilikuwa sehemu ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, likafukiwa. Dar es Salaam, Wajerumani na baada yao Waingereza waliupanga mji kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi kwenye maduka ya katikati, Waafrika Kariakoo, na baina ya Wahindi na Waafrika pakaachwa uwanja mtupu. Ndiyo Mnazi Mmoja hiyo. Kote kuwili uwanja umekaa mpakani, na kote kuwili wazee wetu walikuwa upande wa pili.

Hizi picha tulianza kuzipiga kwa ajili ya rangi, hatukuwa na jengine. Ukuta wa kijani uliopauka na mlango wa buluu, tunapiga, jioni tunalinganisha na vitambaa. Kisha tukaanza kuzipenda nyumba zenyewe. Nyumba ya Kiswahili mnaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani kuna jiko, choo na kamba ya nguo. Kariakoo zimebaki chache sana. Unaikuta moja imebanwa kati ya ghorofa mbili za vioo kama mtoto aliyepotea sokoni. Hizo ndizo tulizokuwa tukizisaka, asubuhi mapema kabla maguta na machinga hawajaijaza mitaa.

Asubuhi moja tukaona mlango uko nusu wazi, na ndani mwanga wa uani unapiga ukumbini vizuri mno. Tukainyoosha simu tukapiga. Kumbe kulikuwa na dada anatoka kuoga, kajifunga kanga moja, nywele wazi. Alitoka mpaka barazani na kanga yake ile ile akatuuliza, "Nyie si Waislamu nyie?" Wallahi tulitamani ardhi ipasuke. Tulijitanda vizuri, mashungi mpaka kifuani, halafu tumemvua mwenzetu sitara yake nyumbani kwake. Tukaifuta picha mbele yake, tukaomba radhi. Alitusamehe, lakini hakutabasamu.

Kariakoo habari hailali. Tulipofika nyumbani Bi Mkubwa alikwishaipata, akasema neno moja tu: "Mkija kula mnapiga hodi. Mkija na simu hampigi?"

Surat An-Nur tunaisoma tangu chuoni, kwamba nyumba zisizo zetu tusiziingie mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Tulidhani inahusu miguu. Hatukuwahi kufikiri kuwa jicho la simu nalo linaingia.

Tangu siku hiyo tunapiga hodi kwanza. Tunasema sisi ni mafundi cherehani kutoka Unguja, tunapenda nyumba hii, tunaomba picha. Wengine wanakataa, tunaondoka. Wengine wanakubali kwa nje tu. Na wengi, dada zetu, ukishawapigia hodi hawaishii kwenye picha, wanakuhadithia. Tukaanza kuuliza: kwa nini unakaa hapa?

Majibu hayakuwa tuliyoyategemea. Kijana kutoka Makete, analala stoo na wenzake watatu juu ya marobota ya mitumba, alisema anakaa pale kwa sababu mzigo hauna mtu mwengine wa kulala nao. Mama mmoja muuza viungo aliunguliwa mali yake sokoni kwenye moto wa Julai 2021. Watoto wake walitaka ahamie Chanika wanakopanga, akakataa, akatupigia hesabu ya nauli kwenda na kurudi mpaka tukachoka sisi kusikiliza. Mzee mmoja wa Kihindi, ng'ambo ya uwanja upande wa Kisutu, ghorofa ya tatu, alisema ameshamzoea muadhini. Si Muislamu. Anasema bila ya adhana ya alfajiri hajui aamke saa ngapi.

Na ukitembea kidogo tu kule, vibao vya mitaa vinakusomea walikotoka watu: Mtaa wa Pemba, wa Mafia, wa Lindi, wa Kongo, wa Nyamwezi, wa Sukuma. Hata jina Kariakoo ni la watu waliotolewa kwao. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Hawakupachagua wale.

Safari hii ya mwisho, usiku, tunahesabu zipu ukumbini, Bi Mkubwa akatuuliza, "Na yangu mbona hamuipigi?"

Hatukuwa na jawabu. Tumelala humo miaka, hatujawahi kuipiga hata siku moja. Tukamwambia kesho. Akasema, "Kesho hiyo hiyo, isipite."

Ndipo alipotuambia. Nyumba ni ya marehemu mumewe, na mirathi haijagawiwa tangu afariki. Watoto wapo watano, wakubwa, wana watoto wao. Kuna tajiri anataka kiwanja. Atabomoa, atajenga ghorofa kumi, chini fremu za maduka, na familia ipewe nyumba mbili juu na fedha. Bi Mkubwa kwenye nyumba hiyo ana thumni yake tu, moja ya nane, ndivyo Mwenyezi Mungu alivyomgawia mjane mwenye watoto, na hilo halipingi hata kidogo. "Haki yao," alisema. "Ila mimi sijui nitaikaliaje thumni."

Watoto wanamwambia nyumba ni kuukuu, itamuangukia. Yeye anawajibu kuwa Novemba 2024 Kariakoo lilianguka ghorofa na roho za watu zikapotea, haikuanguka nyumba ya udongo. Sisi tunaona wote wana lao. Ukuta wa nyuma umeshafanya tumbo, tumeuona kwa macho yetu, na mvua za masika tunalala tumehamisha magodoro.

Asubuhi tukapiga hodi. Tulitoka nje kwa makusudi tukasimama barazani tukabisha kama wageni, akacheka, akatukaribisha. Alivaa kanga mpya. Sisi tulikuwa na yetu kichwani: mlango wa mbao, dirisha la nondo, mwanga wa ukumbini. Yeye hakuyataka hayo. Alitupeleka kwenye kona ya baraza ambapo saruji imelika ikafanya bonde, ndipo alipokuwa akikaa mumewe baada ya Alasiri. Akatupeleka uani kwenye ukuta wenye mistari ya mkaa, hesabu za kodi za wapangaji wake wa zamani waliokuwa hawajui kuandika majina, kila mtu na alama yake. Kuna alama ya samaki. Kuna alama ya cherehani, akatuambia huyo alikuwa fundi kama sisi, alikaa miaka 11 chumba cha pili kushoto, akaondoka anadaiwa miezi miwili. Akamsamehe. Mwisho akatusimamisha ukumbini, akatutaka tupige kutoka mlango wa uani mpaka mlango wa mbele, yote miwili iwe wazi.

Tukamuuliza kama tulivyowauliza wengine: kwa nini unakaa hapa? Alikuja kutoka Pemba ana miaka 17, ameolewa na mtu ambaye hakuwahi kumuona. Tulidhani atatwambia habari za mume, au msikiti, au hospitali iliyo karibu. Akaonesha ukumbi kwa mkono. "Jeneza linapita hapa bila kuinamishwa. Marehemu alipita, na mama yake alipita. Huko juu ghorofa ya tisa watanisimamisha kwenye lifti kama kabati."

Tukacheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Kisha hakuna aliyesema kitu, tukaendelea kupiga.

Sasa kuna jambo hatukumwambia, na ndilo lililotufanya tuandike. Sisi tunatafuta fremu Kariakoo. Muda mrefu. Tunataka kuuza mishono yetu kule badala ya kununua tu, na kilemba wanachodai kwenye majengo yaliyopo hatukiwezi. Siku mbili kabla, dalali alikwishatunong'oneza kuwa kuna jengo jipya litakuja karibu na Mnazi Mmoja, anayewahi kutoa fedha mapema anapunguziwa. Alitaja mtaa. Tulipounganisha tulijua ni kiwanja gani. Yaani tulikuwa tumesimama ukumbini tunaupiga picha, na kichwani mmoja wetu alikuwa ameshapima pa kuweka meza ya kukatia.

Wala si fremu hiyo tu. Jora tunalolinunua kila safari limelala mahali palipokuwa chumba cha mtu. Maghorofa yale hayakushushwa na mvua.

Dalali tulimwambia hatuna fedha. Si kweli, kidogo tunayo. Mkubwa wetu anasema tukiikataa atachukua mwengine na nyumba haitapona kwa ajili yetu. Mdogo anasema achukue huyo mwengine. Hapo ndipo tulipo mpaka leo, na bitana inakatwa kimya kimya.

Picha Bi Mkubwa hakutaka za kwenye simu, alitaka za karatasi. Tumezisafisha studio hapa mjini, 24 kwa jumla, tumezitia kwenye bahasha. Tunavuka Alhamisi inshaallah. Jana alipiga simu, tukajua anaulizia boti. Kumbe anataka ile ya ukumbi milango yote miwili wazi tuitoe mbili, moja kubwa. Mwanawe wa kwanza, yule anayeharakisha mauzo kuliko wote, ameiomba.