Sarafu 200 kwa kila mtu

Nilipotea kidogo, mafunzo ya ualimu kwa vitendo yalinibana, lakini nimerudi na kiporo nilichowawekea siku nyingi: ule mnada wetu wa wachezaji. Mnada mwingine unakaribia na washikaji wameshaanza lile swali lao, "Safari hii bajeti ya kila timu iwe ngapi?" Kabla hawajaanza kurushiana vijembe kwenye korido, nimeona niliweke hapa kwa maandishi.

Kwa wale wageni: fantasi ni ule mchezo wa kuunda timu yako ya kuigiza kwa wachezaji wa kweli. Mtu akifunga huko Uingereza, wewe huku hosteli unapata pointi. Wengi mnaijua ile ya Ligi Kuu ya England. Unapewa pauni milioni 100 za kuigiza, unanunua wachezaji 15 (makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3), na klabu moja haitoi zaidi ya watatu. Bei wamezipanga wenye mchezo. Sasa kasoro yake kwangu ni hii, mkiwa kumi mnaocheza, wote kumi mnaweza kuwa na Haaland. Akifunga matatu, mnabaki kutazamana tu.

Mnada ni kitu kingine kabisa. Mchezaji ni mmoja na mwenye naye ni mmoja. Dalali anataja jina, watu wanapandisha dau, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ameuzwa, wengine hamna lenu. Bei hazipangwi na mtu, zinazaliwa pale pale. Kinachopangwa kabla ni kimoja tu, yaani kila mtu anaingia na kiasi gani mfukoni. Ndiyo maana swali la bajeti siyo dogo kama linavyoonekana.

Wamarekani wameanza zamani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake kule New York walianzisha mchezo wa namna hii wa besiboli, wakaupa jina la Rotisserie kutokana na mgahawa waliokuwa wakikutana. Kwenye besiboli ya mnada kiwango kilichozoeleka ni dola 260 kwa wachezaji 23. Kwenye futiboli yao ya Marekani mazoea ni dola 200. Sisi tuliikopa hiyo 200, ila tukasema siyo dola wala shilingi. Ni sarafu, sarafu za daftari tu.

Kwa nini 200 na siyo 20 au 2,000? Tuko watu kumi, kila mtu ananunua wachezaji 15. Dau la chini ni sarafu 1, na lazima ubakize sarafu 1 kwa kila nafasi ambayo hujaijaza, usije ukaishiwa ukiwa na wachezaji sita. Kwa hiyo ukiwa na 200, dau lako kubwa kabisa la kuanzia ni 186, maana 14 ni za nafasi 14 zilizobaki. Ukishanunua watano kwa 150, umebaki na 50 na nafasi 10, mwisho wako ni 41.

Sasa weka bajeti ya 20. Sarafu 15 zimeshafungwa na nafasi, unabaki na 5 tu za kushindania. Huo siyo mnada, ni bahati nasibu. Weka 2,000 uone, watu watapandishana moja moja mpaka adhana ya alfajiri. Mia mbili inatosha kutofautisha beki mzuri na beki wa kawaida, na usiku mmoja kazi inaisha. Hapo hakuna haki wala dhuluma, ni urahisi wa kuhesabu tu. Dhuluma inaanza pale mifuko inapopishana, na hilo ndilo lililotaka kutuvunja Novemba 2024.

Chuo kilikuwa kimefunguliwa, ligi iko mbali, tukakubaliana pointi zihesabiwe kuanzia mechi zinazofuata. Tumekaa chumba cha semina, jamaa mmoja akaja na hoja. Bumu lake lilikuwa limeshaingia, na nyumbani kwao siyo haba. "Tuachane na sarafu za daftari," akasema. "Kila mtu atoe hela ya kweli. Elfu moja iwe sarafu kumi. Mwenye elfu ishirini ana 200, mwenye thelathini ana 300. Mshindi anabeba chote. Mwenye nguvu mpishe!" Watu wakacheka, wawili watatu wakaanza kuafiki.

Mwisho wa benchi alikaa mshikaji wangu wa Hisabati. Bumu lake halikuwa limeingia, na wiki ile alikuwa anakula mara moja kwa siku, wali maharage wa kukopa kwa mama ntilie. Tuliokuwa tunajua tulikuwa wawili tu. Hakusema neno. Alifunga daftari lake, lile aliloandika majina ya mabeki wiki nzima kwa kalamu za rangi mbili, akasema ngoja akasome, ana testi kesho. Hakukuwa na testi.

Nikasimama. Habari za bumu la mtu sikuzigusa, nikaenda na hesabu. "Kaka, tuseme wewe una 300, sisi tisa tuna 200 kila mtu. Dau letu kubwa ni 186. Wewe ukitaja 187 hakuna wa kukujibu. Haaland ni wako kabla dalali hajafungua mdomo, na bado una 113 za kujazia kikosi. Hapo hujamnunua kwa kujua mpira. Umemnunua kwa hela ya mzee."

Kisha nikawaambia jambo ambalo mpaka leo ndilo ninaloliamini. Bei ya mnada inasema kitu pale tu mifuko ikiwa sawa. Mimi nikitoa 60 kwa Cole Palmer na wewe ukaishia 59, tumejifunza kwamba namthamini kuliko unavyomthamini, na kwamba kuna sehemu nyingine nitajibana. Mifuko ikipishana, bei inatuonyesha nani ana hela, na hilo tulikuwa tunalijua kabla hatujakaa.

"Sasa raha iko wapi kama hakuna zawadi?" jamaa akauliza. Dada mmoja wa Kemia akamjibu, "Raha ni kukufunga wewe." Chumba kizima kikavunjika mbavu, na hoja ikafia hapo. Tukapitisha sarafu 200 kwa kila mtu, hakuna hela ya kweli, na atakayeshika mkia atakuwa karani wetu msimu unaofuata, wa kubandika matokeo kila wiki. Nikatoka nje kumfuata yule mshikaji. Nikamwambia testi imeahirishwa.

Lakini bado hatukumaliza. Yule dada ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye mchezo, na bingwa wa mwaka uliotangulia akapendekeza wageni wapewe 220, maana hawana uzoefu. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Dada akakataa. "Kaka, mkinipa ishirini za bure, nikishinda mtasema ni zile ishirini. Nipeni bei za mwaka jana tu." Tukamletea karatasi yenye bei zote. Akaisoma kimya kama nusu saa, akaiweka chini ya daftari.

Nami nilikuwa nimeshaigawa bajeti yangu: makipa 6, mabeki 34, viungo 90, washambuliaji 70. Viungo niliwapa nyingi kwa sababu kwa pointi tunazotumia, bao la kiungo ni pointi 5 na la mshambuliaji ni 4. Mohamed Salah aliandikwa kiungo, kwa hiyo kila alipofunga mwenye naye alifaidi zaidi.

Mnada ukaanza, joto likapanda. Haaland akaenda kwa 88. Salah akaenda kwa 82, mimi nikaachia 79 maana ningeendelea ningecheza na mabeki wa sarafu moja moja. Wachezaji 30 wa mwanzo wakala sarafu 1,400 kati ya 2,000 zilizokuwa chumbani. Piga hesabu mwenyewe: zimebaki 600 kwa wachezaji 120, wastani wa 5. Waliochangamka mapema sasa wamekaa kimya. Dada wa Kemia alikuwa hajatumia hata 60.

Hapo akaanza kuokota. Alimchukua Chris Wood wa Nottingham Forest kwa sarafu 9, watu wakisema yule mzee atapoa tu. Akamchukua Bryan Mbeumo wa Brentford kwa 14. Ligi ilipoisha Mei 2025, kila mmoja wao alikuwa na mabao 20. Haaland alimaliza na 22. Aliyemnunua Salah kwa 82 hakupunjwa pia, mabao 29 na pasi 18 za mabao, na ndiye aliyetwaa ubingwa wetu. Mshikaji wa Hisabati akawa wa pili kwa wale mabeki wake wa kalamu mbili. Dada wa tatu. Mimi nilikuwa wa tano, tuliache hilo. Yule wa "mwenye nguvu mpishe" akawa wa saba, na ukimuuliza atakwambia ule ndiyo msimu aliofurahi kuliko yote.

Kwa hiyo wadau, kabla ya mnada ujao msimamo wangu ni huu. Wageni wapewe karatasi ya bei siku tatu kabla, wasiongezewe sarafu. Kanuni ya kubakiza moja kwa kila nafasi isiguswe. Hela ya kweli ibaki kwa mama ntilie. Namba yenyewe hata mkitaka iwe 250 sina neno, mradi iwe 250 ya kila mtu.

Naomba kuwakilisha. Ngoja nikapige msuli, maana safari hii testi ya kesho ni ya kweli.