Tubebe Mizigo Ipi? Kwa Familia Inayoishi na Mtu Aliyetekwa na Pombe



Ndugu msomaji, tumezoea kuwaombea walevi. Katika sala za jumuiya zetu nia hiyo husikika mara kwa mara, na ni jambo jema. Lakini ni nadra kusikia nia inayomtaja mke wa mlevi, watoto wake au mama yake mzazi. Hao wamekaa palepale kwenye mkeka, wanaitikia pamoja na wengine, halafu wanarudi nyumbani kuukabili usiku ambao hakuna anayeuulizia. Nawaandikia wao, nami ni mmoja wao. Baba yangu alitekwa na pombe tangu nikiwa mtoto. Nimemwomba ruhusa ya kuliandika jambo hili, naye amenijibu, "Andika, Frateri. Huenda likamfaa mtu."

Bonde la mpunga

Kwetu ni kijiji kimoja cha Bonde la Kilombero, upande wa reli ya TAZARA, kati ya Ifakara na Mlimba. Anayelijua bonde letu anaujua mwaka wetu. Mvua za masika zinanyesha, maji yanatuama mashambani, na kuanzia mwezi wa 5 tunavuna mpunga. Kabla ya mavuno nyumba nyingi huishi kwa kukopa. Baada ya mavuno pesa huja kwa mkupuo mmoja: mnunuzi anafika na mizani na lori, magunia yanapakiwa, na jioni ileile vilabu vinajaa. Komoni ni ya bei ndogo. Gongo imekatazwa na sheria, lakini hata mtoto anajua inakopatikana. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, mama yangu alimshukuru Mungu kwa sauti. Haukupita muda mrefu, chupa ndogo za plastiki zikachukua nafasi ya viroba.

Tena, pombe kwetu si kitu cha kificho. Ipo kwenye mahari, kwenye sherehe ya kipaimara na hata msibani. Kanisa halifundishi kwamba kila tone ni dhambi. Katekisimu, namba 2290, inatudai fadhila ya kiasi. Ndiyo maana familia huchelewa kutambua. Hakuna siku moja ambayo mnywaji anageuka kuwa mfungwa. Unakuja kushtuka miaka imepita.

Baba ni mkulima na fundi baiskeli. Kanisani alikuwa akiimba besi, na ndiye aliyenifundisha kusoma noti. Nasema hivyo ili usidhani naeleza habari za mtu mbaya. Ila alikuwa akitumwa kulipa ada ya shule, anarudi usiku wa manane mifuko ikiwa mitupu. Mama alijifunza kuficha unga. Alijifunza kumwambia anayedai, "Njoo kesho," na kumwambia mwenyekiti wa jumuiya, "Baba Frateri ana malaria." Mimi nilijifunza kusikiliza hatua zake tangu kwenye mwembe wa jirani na kujua kama usiku huo ni wa nyimbo au wa kupiga mateke mlango. Mdogo wangu wa kike alikuwa akifanyia kazi zake za shule kwa watu.

Tuliyabeba hayo yote na juu yake tukaongeza siri. Kwetu husemwa kwamba mambo ya ndani hayatoki nje. Lakini wahenga walisema pia: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Usiku wa tatu

Miaka miwili iliyopita, baada ya mafungo ya parokia, baba aliamua kuacha pombe kabisa kuanzia Jumatano ya Majivu. Mama alifurahi. Siku ya kwanza baba alitetemeka mikono na kutoka jasho. Siku ya pili hakula wala hakulala. Usiku wa tatu alianza kuona siafu wakipanda ukutani, wala hakukuwa na siafu. Akawa anazungumza na mdogo wake aliyefariki zamani. Ndugu walipokusanyika, mmoja alisema ni mapepo, mwingine akasema amerogwa.

Mama alitoka nje na kwenda kumgongea mlango mwanajumuiya mwenzake, nesi mstaafu. Yule mama alimtazama baba dakika chache tu akasema, "Hii ni pombe inatoka mwilini. Inaweza kumuua. Twende hospitali usiku huuhuu." Mwanajumuiya mmoja alitoa kirikuu chake, vijana wawili wakapanda nyuma kumshika mgonjwa, na kwa barabara yenye matope ya masika wakamfikisha Ifakara.

Daktari alitueleza jambo ambalo natamani kila jumuiya ilijue. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka hujipanga kuishi nayo. Ukinyimwa ghafla, unaweza kupata degedege, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuacha chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, akipewa dawa za kumtuliza na vitamini B1. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimwekee mlevi wa kila siku nadhiri ya kuacha leo na kumfungia ndani. Mpeleke kwanza hospitali.

Pale hospitalini, alfajiri, yule nesi alimuuliza mama swali moja: "Na wewe mwenyewe unalala saa ngapi?" Mama alilia. Katika miaka yote watu walikuwa wamemuuliza, "Mume wako anaendeleaje?" Kuhusu usingizi wake hakuulizwa.

Jiwe lililorushwa

Niliporudi seminarini tulikuwa tunasoma Maadili ya Nikomako. Katika kitabu cha 7 Aristotle anachunguza udhaifu wa utashi: inakuwaje mtu ajue lililo jema na bado atende kinyume? Anamfananisha mtu huyo na mlevi anayekariri maneno ya hekima ambayo kwa wakati huo hayana nguvu ndani yake. Nilimfikiria baba, ambaye akiwa amelewa angeweza kukuhubiria juu ya madhara ya pombe hadi usingizi ukuchukue.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni mfano ulio katika kitabu cha 3. Aliyerusha jiwe hawezi kulirudisha mkononi, ingawa kulirusha kulikuwa katika uwezo wake. Hapo mambo mawili yanasimama pamoja. Baba aliwajibika alipoanza. Leo hana uwezo wa kuacha kwa kutaka tu. Nyumbani tulikuwa tumegawanyika: wajomba walisema ni mkaidi, mama alisema ni mgonjwa, na kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Anayesema ni ukaidi mtupu humtukana, na anayesema ni ugonjwa mtupu humsamehe hata wajibu wa kwenda kliniki.

Mtume Paulo ananipeleka mbele zaidi. Katika Wagalatia, sura ya 6, aya ya 2, anatuagiza tuchukuliane mizigo. Aya tatu mbele anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Je, anajipinga? Mwalimu wetu alitueleza kwamba katika Kigiriki maneno ni mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu hadi kumvunja. La pili ni furushi ambalo kila msafiri hubeba lake.

Naona siri ya msaada wa kweli imo katika kutofautisha hayo mawili. Kuacha kunywa ni furushi la baba. Mama hawezi kulibeba, hata akimwaga gongo yote ya bonde. Lakini woga wa mama, ada ya mdogo wangu, deni la dukani na usiku usio na usingizi ni uzito unaovunja, na huo unaweza kugawanywa. Sisi tulikuwa tumevibadilisha: mama alihangaika kubeba furushi la baba, na uzito wake mwenyewe hakuna aliyemsaidia.

Jumuiya ilipofanya kazi yake

Baada ya usiku ule siri haikuwepo tena, na ajabu ni kwamba dunia haikuisha. Wanajumuiya hawakuunda kamati wala kutoa tangazo. Yule nesi aliwaita watu wachache wanaoweza kutunza mdomo, na kila mmoja akashika jambo moja. Fedha ya mpunga wa mama inawekwa kwenye VICOBA kwa jina lake. Ada inapelekwa moja kwa moja shuleni. Nyumba mbili za jirani ziliahidi kumfungulia mama na mdogo wangu mlango saa yoyote ya usiku. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mnywaji mwenyewe anamtembelea baba kila Jumapili baada ya Misa, wanatengeneza baiskeli na kuzungumza.

Na siku ya Alhamisi mchana kina mama wawili ambao waume zao wanakunywa huja kwetu. Wanachagua mchele pamoja na kuambiana ukweli. Hapashauriwi sana. Kila mmoja husema wiki yake ilivyokwenda, wanasali fungu moja la rozari, wanaondoka.

Nimesoma baadaye kwamba jambo hilo lina historia. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili waligundua kwamba mlevi husaidika kwa kuzungumza na mlevi mwenzake, na hapo kikaanza chama cha Alcoholics Anonymous. Mwaka 1951 wake zao na ndugu zao wakaunda chama chao, Al-Anon, kwa sababu waliona kwamba nao wameumia na wanahitaji kuponywa, hata kama mnywaji hajaacha. Wanafundishana kwamba ndugu si chanzo cha ulevi wa mwenzake, hana uwezo wa kuutawala wala kuuponya. Kijijini kwetu hakuna chama hicho. Lakini kina mama watatu na ungo wa mchele wamefika palepale.

Kutokana na hayo, naomba nimshauri ndugu yangu anayepitia njia hii:

1. Mwambie mtu mmoja anayetunza siri. Usianze na ukoo mzima. Anza na mmoja.
2. Acha kuisaidia pombe. Kumlisha mwenye njaa ni huruma. Kulipa deni lake la kilabuni na kumsingizia malaria ni kuirefusha safari ya pombe.
3. Usibishane naye akiwa amelewa. Subiri asubuhi, useme mambo machache, kwa upole na bila kuficha.
4. Kama kuna kipigo, ondoka kwanza. Ahadi ya ndoa haimdai mtu akae mahali anapoweza kuuawa, na kuomba msaada wa mwenyekiti wa kijiji au dawati la jinsia polisi si kukosa imani.
5. Tafuta tiba pamoja na sala. Hospitali na sakramenti havigombani.

Swali langu mwenyewe

Baba alikaa miezi minne bila kunywa. Mwezi wa 6 mpunga ukauzwa, akaanguka. Habari ziliponifikia nilitaka kuomba ruhusa ya kuondoka seminarini. Mimi ni mtoto wa kwanza. Nilijiuliza nitawezaje kujiandaa kuzichunga familia za watu wakati ya kwetu inazama. Mlezi wangu wa kiroho hakunizuia. Aliniuliza tu, "Unarudi kufanya kazi gani ambayo hakuna anayeifanya?" Nikampigia mama nikamweleza.

Alinijibu, "Mwanangu, ukirudi tutakuwa watatu tunaomchunga mtu mmoja, na bado atakunywa. Jana nimelala kwa jirani, na nimelala kweli. Mimi sasa nina watu. Wewe soma."

Nimebaki. Baba alirudi kliniki, akaanguka tena, akainuka tena. Leo yuko mwezi wa 7 bila kunywa, na mpunga wa mwaka huu bado haujauzwa. Tunaungoja msimu huo kwa hofu, lakini hatuungoji peke yetu.

Ninapokata tamaa namkumbuka Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyetangazwa Mheshimiwa mwaka 1975. Alianza kunywa akiwa mtoto. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuthubutu kuahidi maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Miezi hiyo ilipoisha akaahidi tena, hadi alipofariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa. Namkumbuka pia Mtakatifu Monika. Tunayataja sana machozi yake, lakini tunasahau kwamba hakulia chumbani tu. Alimwendea askofu akamweleza habari za mwanae, na huko Milano akamtegemea Mtakatifu Ambrosi. Alisali, na alitafuta watu.

Ndugu zangu mafrateri, tutakapopewa utume katika parokia, mama atakuja ofisini kuomba Misa kwa nia ya mume wake. Tuipokee nia hiyo. Kisha, kabla hajaondoka, tumuulize na yeye analala saa ngapi.

Mtakatifu Monika, utuombee.