Uyoga wa shangazi na gunia letu la mkaa

Hapa Tabata ukitamka neno uyoga tu, kijana anaanza kupiga hesabu. Atakupa habari za mamama, ule wa kuotesha kwenye mifuko ya nailoni: mabua ya mpunga, pumba, chumba chenye giza, halafu mshiko. Sibishi. Nina mshikaji wangu Kimanga anaotesha chumbani kwake, analala na mifuko kama mtu mwenye wake wengi, na mjini anaishi.

Lakini uyoga ninaotaka kuwapa habari zake leo hauoti kwenye mfuko, hata uubembeleze vipi.

Shangazi yangu aliteremka kutoka Mufindi kuja kutibiwa macho, akafikia kwangu. Kwenye kikapu chake mlikuwa na kifurushi cha uyoga mkavu, aliouchuma mwenyewe porini. Akauchemsha, akatia karanga za kusaga, na wapangaji wote wakaanza kupita mlangoni kwangu kwa visingizio. Huyu anaomba kiberiti, yule chumvi. We acha tu, nyama ikasome! Mshikaji wa mamama alipoonja akataka mbegu papo hapo.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. "Mbegu yake ni mti, mwanangu. Una mti?"

Jamani, bibi yule hakumaliza hata darasa la nne, lakini hapo aliongea sayansi tupu. Mamama ni mla maiti, anakula mabua na magogo yaliyokwisha kufa, ndiyo maana anakubali kufugwa. Uyoga mwingi mtamu wa miombo, ukiwemo ule wa njano unaopendwa sana, unaishi na mti ulio hai. Chini ya myombo na mtundu kuna nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, zimeviringisha ncha za mizizi. Nyuzi zinauletea mti maji na fosforasi kutoka mahali ambapo mizizi haifiki, na mti unalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Kile tunachochuma ni kama embe tu, mwenye embe yuko ardhini. Kata mti, na mwenzake aliye chini amekosa wa kumlisha.

Uyoga wa kwenye vichuguu nao una mambo yake, wenyewe unalimwa na mchwa. Mmoja wa jamaa hiyo, ulioandikwa kitaalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, kofia yake inaweza kufika mita moja. Mwavuli huo!

Wataalamu wanalijua hili kwa sababu walikwenda kuuliza. Mama mmoja wa Kifini, Marja Härkönen, na mwenzake Tuomo Niemelä, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Walimu wao vijijini walikuwa watu kama shangazi, maana huko wachumaji wengi ni kina mama. Mimea ilipata bahati zaidi: kazi ya kuiorodhesha ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikaisha 2012, aina 12,104. Kwa upande wa uyoga na ndugu zake, bustani ya Kew kule Uingereza ilisema mwaka 2023 kwamba zaidi ya asilimia 90 duniani hawajapewa hata jina la kitaalamu.

Na jina si mchezo. Mvua ya vuli iliponyesha, nyuma ya choo chetu palichomoza uyoga mweupe, mnene, wa kutamanisha. Jirani yangu alishabandika mafuta motoni. Shangazi akauliza: "Unaitwaje?" Kimya. Akaufunua chini, vile vipande vilivyopangana kama kurasa vilikuwa vinageuka kijani kijani. Akautupa. Nimekuja kusoma kwamba kuna mmoja wa hivyo hivyo unaopenda kwenye majani ya mijini, na aliyeula hukesha akitapika.

Sasa hapa ndipo paliponiuma. Jioni moja shangazi alikuwa anachochea jiko. Akaokota kipande cha mkaa, akakigeuza geuza karibu na jicho lake zima, akasema, "Huu mtundu." Basi. Akakirudisha motoni.

Baadaye akanieleza kwamba mteremko aliokuwa akichumia tangu usichana wake sasa jua linapiga mpaka chini. Magunia yalipakiwa kwenye malori. Upande mmoja imepandwa misonobari, na chini yake unaota uyoga mwingine wenye utelezi, mgeni aliyekuja na miti yake. "Ule siujui, na nisioujua siupiki."

Sisemi mtu aache mkaa. Gesi ikiniishia tarehe 20, maharage yangu yanajua pa kwenda. Lakini si Mufindi peke yake. Hapo Pugu, safari ya daladala tu kutoka kwetu, kuna mimea iliyopewa jina la Pugu kabisa, Baphia puguensis na Millettia puguensis, na msitu huo nao wachoma mkaa wameutafuna miaka mingi.

Binti zake shangazi wako Mbagala wanauza vitenge, uyoga hawajui hata mmoja. Nikanunua daftari. Alinitajia majina 17 kwa Kihehe, na la kila mmoja mti wake na mwezi wake. Kwa manne alinyamaza kidogo, akasema jina niandike, ila pa kunipeleka nikauone hana.

Mvua za Desemba nakwenda Mufindi, nauli nimeshaanza kuichanga. Mshikaji wa mamama naye anataka kwenda. Jana kaniuliza kama abebe mifuko.