Kamera isiyo na kioo, bumu, na picha ya Bibi



UE zimekwisha, korido yetu imebaki na watu watatu na paka mmoja, wengine wote wameshakwea mabasi. Basi nimepata nafasi ya kuandika kitu ambacho nimeulizwa semista nzima, kuanzia kwenye foleni ya kafeteria mpaka kwenye ngazi za Nkrumah Hall: "Mwanangu, hiyo kamera ni bei gani, na mimi ninunue ipi?"

Jibu fupi ni kwamba kwanza jiulize unataka kumpiga nani, na atakuwa amekaa wapi. Jibu refu ndilo hili, kaeni vizuri.

Nianze na hela maana najua ndiyo mnayoitaka. Nilikuwa na milioni moja kamili. Si ya bumu jamani, bumu mnalijua, likiingia leo keshokutwa limeshageuka wali maharage na kopi za hendiauti. Hii niliikusanya kidogo kidogo kwa mwaka na nusu, nikichapa riserchi za watu usiku. Ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo ilikuwa hela yenye maumivu ya mgongo ndani yake, na sikuwa tayari kuitupa kwa sababu ya jina lililoandikwa mbele ya kamera.

Rumeti wangu akasema nisinunue kabisa, simu inatosha. Jamaa mwingine wa block ya pili, yule anayepiga picha za harusi, akasema niongeze nikachukue yenye sensa kubwa kabisa, la sivyo nitajuta. (Sensa ya kwenye kamera, siyo ile ya watu na makazi, teh teh.) Wote wawili niliwasikiliza, nikaenda zangu kusoma.

Nilichoelewa ni hiki. Kamera kubwa tulizozizoea mikononi mwa wapiga picha wa mahafali, zile za DSLR, zina kioo ndani. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, unapandishwa juu mpaka kwenye kitundu unachochungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita kwenda kwenye sensa, ndiyo ule mlio wa "klak". Kamera isiyo na kioo imeondoa habari hiyo yote. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa, na unachokiona kwenye skrini au kwenye kitundu ni kile sensa inachokiona. Picha ikiwa giza, unaiona giza kabla hujabonyeza. Kwa mtu anayejifunza peke yake bila mwalimu, hilo tu ni darasa tosha.

Wala siyo vitu vya jana. Panasonic walitoa Lumix G1 mwaka 2008. Sony wakaja na NEX mwaka 2010, halafu 2013 wakatoa A7 yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Canon na Nikon waliingia kwenye sensa ya ukubwa huo bila kioo mwaka 2018, na EOS R kwa Canon, Z6 na Z7 kwa Nikon. Maana yake kwa sisi wa mfuko mdogo ni kwamba sokoni kuna mitumba ya zaidi ya miaka kumi, na mingi bado ni mizima.

Mimi nilichukua Sony a6000. Ilitoka 2014, ina megapikseli 24, sensa yake ni ya saizi ya kati wanayoiita APS-C. Niliipata Kariakoo kwa laki nane na nusu pamoja na ile lenzi ndogo inayokuja nayo, ya 16 hadi 50. Ikabaki laki na nusu, na hiyo laki na nusu ndiyo iliyonisaidia kuliko zile laki nane. Subirini nieleze.

Babu yetu alifariki 2019 kule Bagamoyo. Siku ya msiba tulitafuta picha yake nyumba nzima. Mtu aliyejenga nyumba tatu, kasomesha watoto sita, picha yake ilikuwa moja tu, ya pasipoti saizi. Baba mdogo akaenda kuikuza iwekwe ukutani. Ikarudi uso umekuwa kama vigae vya bafuni, macho huyaoni. Mpaka leo ipo sebuleni, na wajukuu wadogo wanauliza huyu ni nani.

Sasa Bibi yupo, ila ana mtoto wa jicho. Jicho la kushoto limeshafunga na la kulia linafuata. Likizo ya mwaka jana nilipoingia, kabla hata sijamaliza shikamoo, akaniambia: "Wewe mume wangu, nasikia umenunua mtambo. Nipige picha kubwa, nijione mara moja kabla hili nalo halijafunga." Akacheka. Mimi sikucheka.

Chumba cha Bibi mnavijua vyumba vya namna hiyo. Ukuta wa udongo, dirisha moja dogo la mbao. Nje hataki, jua linamuumiza macho, na asingependa majirani wamwone kajipamba. Alitaka palepale kitandani kwake, na leso yake nzuri.

Nikaanza na simu, maana ilikuwa mfukoni. Simu za siku hizi zina akili, zinapiga picha nyingi kwa mpigo na kuzichanganya, giza linakuwa mchana. Tatizo ilimlainisha Bibi. Makunyanzi yote yakafutika, akawa kama shangazi fulani asiyejulikana. Nikachukua kamera na ile lenzi yake. Ukiivuta mpaka 50, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Ili Bibi asitoke na ukungu wa kutikisika nilitaka kasi ya 1/125, na kwa kasi hiyo kamera ikaniomba ISO 12800. Picha ikatoka na chenga chenga kama televisheni ya chogo iliyokosa antena.

Hapa ndipo namba za lenzi zinapoacha kuwa somo la kukariri. Ile namba ya f inaeleza upana wa tundu, na inakwenda kinyumenyume: namba ndogo, tundu kubwa. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Chumba kilekile, kasi ileile, badala ya ISO 12800 unatumia kama 1250. Ningekuwa na ile kamera ya bei mbaya ya jamaa wa harusi nikaifunga lenzi ya f/5.6, sensa yake kubwa ingenisaidia, lakini siyo mara kumi.

Kwa bahati ile laki na nusu nilikuwa nimeshaitumia, na kilichonunuliwa kilikuwa kwenye begi. Ni lenzi ya zamani ya Kijapani, Super-Takumar 55mm f/1.8, ya enzi za filamu. Chuma kitupu, nzito kama kokoto, ya kuzungusha kwa mkono. Nilimpa mzee mmoja fundi kamera laki moja na ishirini pamoja na adapta yake.

Mtauliza lenzi ya miaka hiyo inaingiaje kwenye kamera ya Sony. Hesabu yake ni rahisi. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali fulani kutoka kwenye filamu au sensa. Hizi za skurubu za M42 zinataka milimita 45.46. Nikon ya kioo tayari ina 46.5, kwa hiyo lenzi hiyo ukiipachika pale inakuwa mbali mno na vitu vya mbali havifokasi. Lakini Sony isiyo na kioo ina 18 tu, kwa sababu hakuna kioo cha kukipisha. Unabaki na nafasi ya milimita 27 na ushee, unaijaza kwa adapta, ambayo ni bomba la chuma tu lisilo na kitu ndani. Ndiyo maana lenzi nyingi za zamani, za Kijapani, za Kirusi, za Kijerumani, zimepata maisha ya pili kwenye kamera hizi.

Mambo mawili ya kujua kabla hujalalamika. Kwenye menyu uiruhusu kamera kupiga bila lenzi, maana haitambui kama hilo bomba ni lenzi, itakataa kubonyeza. Na uwashe ile alama ya fokasi, ambapo kingo za kitu kilichokaa sawa zinang'aa rangi. Bila hiyo utateseka, kwa sababu kwenye f/1.8, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana wazi ni sentimeta tano hivi. Pua ikiwa sawa, sikio limepotea. Nilimwambia Bibi atulie anitazame, nikaweka rangi kwenye kope za jicho lile la kulia, nikabana pumzi. Nilipiga kama arobaini. Nne zilikuwa sawasawa, na moja ilikuwa ni yeye mwenyewe, yule anayetufokea tukimwaga maji.

Nikarudi Dar nikaisafisha, inchi 12 kwa 18. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6000 kwa 4000, kwa hiyo saizi hiyo inaibeba bila kupasuka. Msiitume studio kwa WhatsApp jamani, inaibana picha mnakuja kulaumu kamera. Pelekeni faili lenyewe kwenye fleshi.

Nilipompelekea, Bibi aliishika karibu na uso, akaisogeza, akaisogeza tena mpaka kwenye dirisha. Kimya. Halafu akasema, "Kumbe nimefanana na mama." Mama yake hana hata hiyo ya pasipoti saizi. Akaiweka kitandani, akaifunika kwa kanga isije ikashika vumbi, akaagiza nipikiwe chai.

Sasa turudi kwenye ushauri, nisije nikaonekana natangaza biashara. Kamera hizi zina dhambi zake.

Ya kwanza betri. Skrini inawaka muda wote, sensa inafanya kazi muda wote. a6000 imekadiriwa picha kama 360 kwa betri moja, wakati Nikon D7200 yenye kioo imekadiriwa 1,110. Nunua betri mbili, na siku ya TANESCO ikikaa vibaya zichaji mapema.

Ya pili vumbi. Ukitoa lenzi, sensa iko wazi palepale mbele. Usibadilishe lenzi ndani ya daladala wala Coco Beach upepo ukiwa unavuma. Elekeza kamera chini, badilisha haraka, funga.

Ya tatu ni kuvu, na hii ni ya sisi watu wa pwani hasa. Joto na unyevu wa Dar vinaotesha utando ndani ya vioo vya lenzi kama mizizi. Mimi naweka vyote kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Mnavitupa bure, nileteeni.

Ukienda kununua mtumba: washa tochi ya simu, mulika lenzi kwa nyuma huku ukichungulia mbele, ukiona buibui humo ndani aga uondoke. Piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo, f/16, uone madoa. Piga nyingine umefunika lenzi, uone kama kuna nukta zinazong'aa. Hakikisha chaja ipo na inachaji mbele yako. Na usinunue siku ya kwanza, zunguka, kunywa juisi ya miwa, rudi kesho.

Kuhusu mashindano ya saizi za sensa, kila moja ina mtu wake. Ndogo za Micro Four Thirds zina lenzi ndogo nyepesi, za kati kama yangu zina mitumba mingi, kubwa zinashinda gizani lakini lenzi zake ni mzigo wa mgongo na wa mfuko. Mwenye milioni moja, ushauri wangu ni mwili wa zamani na lenzi moja yenye tundu kubwa, kisha kaa na hiyo lenzi moja mwaka mzima. Simu nayo isidharauliwe, kwa ubao wa lekcha na mchana wa jua kali sioni sababu ya kubeba kamera.

Na mkishakuwa nazo, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu. Kule Feri alfajiri wavuvi ni wakarimu ukiwasalimu kwanza, ila kumbukeni Ikulu iko jirani, lenzi isigeuke upande huo.

Mimi kesho alfajiri naondoka. Bibi kapewa tarehe ya kufanyiwa operesheni ya jicho mwezi ujao, na kasema kama likifunguka anataka nimpige tena, safari hii nje, kwenye mwembe. Kwa hiyo natafuta lenzi pana ya bei ya mwanafunzi. Mwenye nayo asinitajie bei ya watalii.

Mliobaki Hall, mlisheni paka. Semista ijayo tukijaaliwa.